Mwonjaji Asiwe Mtoto

Siku ya kuniaga mlinipa kitenge, mwavuli na hotuba tatu. Kitenge nimekishona, mwavuli unavuja, na hotuba nimezisahau, ila neno moja la yule kijana wa miwani. Alisema nimefanya kazi miaka yote "kwa utulivu". Mwanangu, hukuwa unanijua. Ndiyo maana nimekaa kuandika, ninyi animateurs na animatrices, wahamasishaji wa afya mliobaki na mkoba wangu, mpate kujua kwamba kazi hii ya kuwatenga watoto na pombe, sigara na moshi wa kisasa haijawahi kufanywa kwa utulivu. Anayeogopa kuchukiwa atafute kazi nyingine. Mimi nilichukiwa katika vituo vitatu, na bado nalala vizuri.

Nilianza Walikale, msituni huku mashariki mwa Kongo, ambako mvua ndiyo chifu na wengine wote ni wasaidizi wake. Siku ya kwanza nilikabidhiwa sanduku la picha kubwa kubwa za kufundishia. Nilizipanga mbele ya akina mama waliokuja kupima watoto, nikafika kwenye picha ya bwana mmoja aliyevaa suti, kifua kimepasuliwa, mapafu meusi kama chungu.

"Huyu papa alikufa na nini?" mama mmoja aliuliza.

"Na moshi ya tumbaku," nikajibu.

"Hapana," jirani yake akasema. "Ni ile kamba ku shingo njo ilimuua."

Wakacheka wote, na somo likaishia kwenye tai. Papa Balume, muuguzi mkuu wa kituo, alikuwa mlangoni akitazama. Alikuwa mtu mfupi, koti lake lilikuwa jeupe zamani, na hakuwa na haraka na kitu chochote isipokuwa mtoto mgonjwa. Akaniambia, "Dada, funga ile sanduku. Twende ku manyumba ya batu."

Tulikwenda nyumba ya mzee mmoja aliyekuwa barazani, mvua ikinyesha. Mzee akatoa sigara, akamwita mjukuu wake, mtoto wa miaka minane hivi. "Leta moto." Mtoto akaichukua, akakimbia nayo jikoni nyuma ya nyumba, akaiwasha kwenye kaa, akavuta mara moja ikashika, akavuta tena isizimike njiani kwa mvua, akavuta ya tatu alipofika mlangoni, kisha akamkabidhi babu kwa mikono miwili kama alivyofundishwa. Mzee akamshukuru. Papa Balume akaniuliza taratibu kama nimeona. Nilikuwa nimeona mtoto mwenye adabu.

Nilipomwuliza yule mzee ni nani alimfundisha mjukuu wake kuvuta, alishtuka kweli kweli. "Huyu? Huyu havutake! Huyu analetaka tu moto."

Basi nilirudi kwake kila alasiri. Nilimletea kiberiti, akasema kiberiti ni cha watu wasio na jiko. Nilimwambia aende jikoni mwenyewe, akasema magoti. Nikasema hata mapafu ya mtoto yana maumivu yake, akaacha kunisalimia kwa miezi miwili. Mwezi wa tatu nilimkuta anatoka jikoni na sigara yake mdomoni, akinung'unika na kuchechemea, na mtoto akicheza mpira wa majani ya migomba. Hakuna aliyenipigia makofi. Tangu siku hiyo nikaacha kuchungulia midomo ya watoto, nikaanza kuangalia wanatumwa wapi.

Kutoka Walikale nikapelekwa Mweso. Mji ule una hospitali, una soko, na kila mara vita vikisogea unapokea familia nyingine zenye magodoro kichwani. Shida ya wanafunzi pale ilikuwa sashe, vifuko vidogo vya pombe kali ambavyo mtu anang'ata kona na kunyonya. Serikali ilivikataza. Nadhani katazo lile lilikwama matopeni mahali fulani, kama vile vitu vingi vinavyotoka Kinshasa. Watoto walikuwa wanavificha ndani ya soksi, kisha wanatafuna majani ya mikaratusi kufuta harufu. Lishikeni hili: mwanafunzi anayenukia mikaratusi saa nne asubuhi na hana kikohozi, kaa naye kidogo. Usimpigie kelele. Mpe maji, mwulize habari za nyumbani, na umngoje.

Mwenye duka karibu na shule alikuwa Papa Kambale, mfanyabiashara kutoka Butembo, Mkatoliki wa kwenda misa hata siku za kazi. Nilimwomba asiwauzie watoto. Alikubali kwa heshima zote na akaendelea kuwauzia. Basi nikaenda nikakaa juu ya gunia la chumvi mlangoni pake, kila siku shule inapotoka. Sikusema kitu. Nilikuwa nasalimia wanafunzi kwa majina yao na majina ya mama zao, hicho tu.

Siku ya nne alitoka nje.

"Mama Espérance, batu banakufa na masasi kila siku, na weye iko naangalia sashe?"

"Papa Kambale, masasi siwezi kuzuia. Ile sashe yako, naweza."

"Si miye njo nilizitengeneza."

"Basi uzisha kwa bakubwa. Batoto, hapana."

Akaniletea chai, akidhani nitaona haya. Nilikunywa chai yake, nikamshukuru, nikabaki kwenye gunia. Maneno yale ya masasi, yaani risasi, nimeambiwa mara nyingi, na machifu, na wazazi, hata na mkubwa wangu mmoja wa kazi. Kila mara yananikasirisha upya. Eti kwa kuwa kuna vita, mtoto alewe? Kwa kuwa paa limeng'olewa na upepo, basi tuvunje na sufuria? Papa Kambale alichoka kabla yangu. Ilipofika wiki ya sita aliacha kuuzia kila aliyevaa sare, na wajanja walipokuja na sweta juu ya sare jua likiwaka, alikuwa anawafukuza yeye mwenyewe kwa ufagio. Hatukuwa marafiki. Ila alianza kuniletea chai yenye maziwa.

Moshi wa kisasa pia nilikutana nao Mweso, miaka ya karibuni. Vilikuja kutoka Goma ndani ya mikoba ya vijana wa likizo, vijiti vya sigara za umeme, vyenye rangi za peremende na harufu ya nanasi. Mwalimu mmoja alidhani ni kalamu. Mama mmoja alikikuta ndani ya mfuko wa binti yake, akadhani ni marashi, akajaribu kujipulizia kwapani. Nilihangaika sana jinsi ya kujua nani anacho, mpaka nikakumbuka kwamba kitu kile kinakula umeme, na Mweso umeme uko kwa mwenye paneli za jua anayechaji simu za watu. Nikawa napita pale jioni na kuuliza swali moja: ni mtoto gani hana simu lakini ameacha kitu cha kuchaji? Wazazi walisema mimi ni mpelelezi. Ndiyo, nilikuwa mpelelezi. Nani mwingine alikuwa anapeleleza kwa ajili ya mapafu ya watoto wao?

Kituo changu cha mwisho kilikuwa Ngungu, kusini mwa Masisi, kwenye mashamba ya maharage na mihogo na barabara inayokula viatu. Huko nilikwenda na mjukuu wangu Neema, aniitaye Koko, yaani bibi, aliyekuwa na miaka kumi. Mama yake, binti yangu, alikuwa akifanya kazi Goma, na mimi nilimlea mtoto kama nilivyolelewa: asalimie, asaidie, atii. Nilipokwenda kwenye milima ya mbali na kulala huko, nilimwacha kwa jirani yetu Papa Bauma, mkulima, mtu mzuri, ambaye binti yake Riziki alikuwa rika la Neema. Wasichana wale walikuwa wanagawana hata mhindi mmoja.

Sasa sikilizeni desturi ya mlima ule, maana msipoielewa hamtaelewa kilichofuata. Watu wanaogopa karuho, ile sumu ya kuwekewa mtu kinywajini. Kwa hiyo bido, yaani dumu, la kasiksi, pombe yetu ya ndizi, halifunguliwi mbele ya wageni bila mtu wa nyumba kuonja. Hilo liko mahali pengi. Lakini pale waliwaza mbele zaidi. Walisema mtu mzima anaweza kumeza dawa ya kuzuia sumu kwanza, kisha akaonja akicheka. Kwa hiyo anaonja mtoto wa nyumba. Mtoto hajui hila, na hakuna mzazi wa kumpa sumu mwanawe. Na mgeni hakubali mtoto alambe tu. Anataka nusu kopo, aone koo likimeza.

Nililiona jambo hilo zaidi ya mara moja kwenye sherehe za watu. Sikuandika hata mstari. Nilikuwa nawinda sashe na vijiti vya nanasi, na hii niliiona kama sala kabla ya chakula. Mimi, niliyetembea na Papa Balume! Sina cha kujitetea.

Jumamosi moja Papa Bauma alipokea wageni walioleta mahari ya binti yake mkubwa. Jumapili alfajiri alifika kituo cha afya amembeba Riziki mgongoni, mtoto anatetemeka mwili mzima, macho yamegeuka. Niliitwa kwa kuwa naishi hatua chache. Muuguzi alipima malaria, hakuna. Akanusa pumzi ya mtoto, akanitazama, akatafuta mshipa na kumtundikia maji ya sukari. Haikupita muda mrefu Riziki akafumbua macho, na neno lake la kwanza likawa "Njaa."

Liandikeni hili mahali mtakapoliona kila siku. Mtoto aliyekunywa pombe na hajala anaweza kuishiwa sukari mwilini akiwa usingizini. Mkidhani amelala tu, mnampoteza. Riziki alikuwa hajala tangu Jumamosi asubuhi, maana kwenye sherehe zetu watoto wanakula mwisho, wageni wakishatosheka. Mwonjaji anakunywa wa kwanza na kula wa mwisho. Yeye hakufika hata huo mwisho, usingizi ulimchukua.

"Bido zilikuwa ngapi?" nilimwuliza Riziki.

"Munane, Mama."

Nusu kopo mara nane, mtoto wa miaka kumi, tumbo tupu.

Nilitoka nje kumweleza baba yake, nikakuta ameondoka. Alikuwa ameona mwonjaji wake ameanguka, na kwa hesabu ya mlima ule jibu lilikuwa moja: kuna karuho. Na pombe ilitoka kwa nani? Kwa Mama Furaha, mjane aliyekimbia vita kutoka upande wa Kitshanga, ambaye hakuwa na kaka wala shemeji Ngungu nzima. Nilipofika kwake, uwanja ulikuwa umejaa. Wanaume walikuwa na fimbo na mapanga. Mabido yote manane yalikuwa yamepangwa mbele ya mlango kama mashahidi, kila moja na mabaki yake. Mama Furaha alikuwa amesimama mlangoni, amewashika watoto wake wawili, na hakulia. Hilo ndilo lililoniuma, kwamba alikuwa ameshazoea.

Nikapenya katikati.

"Papa Bauma, mutoto ameamuka. Anaomba chakula."

"Mungu asifiwe. Lakini huyu mwanamuke alitaka kumuua."

"Haiko sumu. Ni pombe yenyewe njo ilimuangusha."

"Mama, pombe tunakunywaka siku zote. Nani aliangukaka vile?"

"Mutoto."

"Weye unajua nini mambo ya pombe? Haujaonjaka hata siku moja!"

Alisema kweli. Kanisa letu linakataza pombe, ingawa kwenye mahari linafumba macho, na mimi nilikuwa mwimbaji wa kwaya tangu usichana wangu. Watu wakazomea. Mmoja akaokota jiwe. Hapo ndipo hasira ilinipanda, hasira safi, na ninawaambia ilinifaa kuliko masomo yangu yote.

"Leteni kopo," nikasema.

Nikainama kwenye bido la kwanza, nikamimina nusu kopo, nikanywa. Pombe ilikuwa tamu, nikashangaa. Nikaenda la pili. Hakuna aliyenizuia, nadhani walikuwa wanangoja nife. Kwenye la nne midomo iliingia ganzi. Kwenye la sita nilimwambia Papa Bauma kwamba kofia yake ni mbaya, jambo nililokuwa nimelihifadhi miaka miwili. La nane nililimaliza nimeshika bega la Mama Furaha, kisha ardhi ikasogea nami nikakaa chini katikati ya maharage yake.

"Sasa muniangalie," nikasema, na ulimi ulikuwa mzito kama ugali wa muhogo. "Miye mukubwa. Jana usiku nilikula. Na miguu imekwisha kuniacha. Sasa muwaze Riziki."

Halafu, wanasema, niliimba ubeti wa tatu wa wimbo wa Pasaka mara nne. Mimi sikumbuki. Nakumbuka kicheko, kilianza kwa mwanamke mmoja kikaenea uwanja mzima, na mwenye jiwe akalidondosha ili ashike tumbo lake. Watu wanaocheka hawawezi kuua. Mama Furaha alinilaza nyumbani mwake, akanifunika kwa blanketi lake pekee. Nililewa mbele ya watu, mimi mjukuu wa mzee wa kanisa, na sijutii hata tone moja.

Jumatano Papa Bauma alikuja nyumbani kwangu na kuku mkononi. Kichwa changu kilikuwa bado hakijatulia.

"Mama Espérance, aksanti. Umetuokoa na damu ya mutu. Tumeona, haiko sumu. Basi Jumapili hii kuko mahari ya dada yangu, na Riziki ataonja bila woga."

Nilimwangalia nikidhani bado nimelewa. Kumbe ushahidi wangu wote, makopo yale yote, alikuwa amesikia nusu: pombe haina sumu, basi mtoto anywe kwa amani!

"Papa, muganga wa kituo amesema, ikiwa tena vile, mutoto anaweza kufa."

"Tutamupa chakula mbele."

"Onja weye mwenyewe."

"Bageni batasema nimekunywa dawa. Mutoto hajue kudanganya, Mama. Njo maana banamuamini."

Alisema kwa upole, akiniona sielewi jambo rahisi. Kwa hiyo Riziki alikuwa anapewa pombe kwa sababu ni mkweli. Nilimrudishia kuku wake. Nilikwenda kwa chifu, akasema mila ni mila. Nilikwenda kwa wazee wa kanisa, wakasema vizuri umekuja, sisi pia tulikuwa tunakutafuta.

Ilikuwa habari ya ulevi wangu. Nilitakiwa kutubu mbele ya kanisa Jumapili ileile, asubuhi ya sherehe ya dada yake Papa Bauma. Mchungaji wetu hakuwa mtu mbaya. Aliniita pembeni kabla ya ibada. "Mama, sema tu 'nimekosa', tutaomba, iishe. Miezi mitatu bila meza ya Bwana, kisha unarudia ku kwaya."

Kanisa lilikuwa limejaa, maana watu wa mlima ule hawakosi toba ya mtu mwingine. Niliitwa mbele. Nilimwona Papa Bauma benchi ya tatu, na Riziki kwenye mabenchi ya watoto karibu na Neema, wamevaa nguo za sherehe ya mchana. Nywele za Riziki zilikuwa zimesukwa upya. Nilijua kwamba saa chache baadaye yule mtoto ataitwa mbele ya bido.

"Ndugu zangu," nikasema, "kwa ile pombe ya kwa Mama Furaha, sikukosa. Ningekunywa tena leo."

Kelele zikaanza. Mchungaji akainua mkono. Nikaendelea kwa sauti ya kwaya, ambayo walikuwa bado hawajaninyang'anya.

"Muniache niulize batoto neno moja, kisha munifukuze. Mutoto mwenye alionjaka kasiksi mbele ya bageni, asimame. Hakuna fimbo. Ninaapa."

Hakuna aliyesogea. Kisha Riziki akasimama, akitazama miguu yake. Akafuata msichana wa benchi ya nyuma. Akafuata mjukuu wa mzee wa kanisa aliyekuwa ameandika barua ya kunishtaki. Wakasimama mmoja mmoja, kisha kwa makundi, mbao zikilia, mpaka mabenchi mawili ya mbele yakawa hayana mtu aliyekaa. Akina mama walikuwa wameziba midomo kwa kitenge. Nilijisikia mshindi. Nilikuwa nimefungua kinywa kuwageukia wazazi nilipoona nani amesimama kando ya Riziki.

Neema wangu.

Nilimkaribia. Nilisahau kanisa zima.

"Weye pia, Neema? Lini?"

"Mara mingi, Koko. Ku sherehe za kwabo Riziki, ukienda ku milima. Riziki akichoka, miye ninaonja, banasema miye pia mutoto wa nyumba."

"Nani alikupa?"

"Bakubwa." Akanitazama kwa mshangao, kama ninayemwuliza jina lake. "Ulisema nikibaki kwa batu, nifanye yote bakubwa banasema."

Nilisema hivyo. Nilisema kila safari, nikimfunga kitambaa kichwani, na nikaondoka na mkoba wangu kwenda kuokoa watoto wa watu. Nililia pale mbele, ninyi mlionisifu kwa utulivu. Nililia kwa sauti, nikapiga magoti, si mbele ya mchungaji. Nilipiga magoti mbele ya mtoto.

"Nimekosa," nikamwambia. "Hili njo kosa langu."

Kisha nikasimama, na nikawaambia watoto wote waliosimama jambo ambalo halijawahi kusemwa ndani ya kanisa lile. "Mukubwa akikupa pombe, kataa. Akikupa sigara umuwashie, kataa. Akiwa baba, kataa. Akiwa muchungaji, kataa. Nikiwa miye, kataa."

Mzee wa kanisa akapaaza sauti kwamba ninawafundisha watoto kutowatii wazazi wao. Nikamjibu ndiyo. Miezi yangu mitatu ikawa mwaka mzima, nao nilikaa benchi ya nyuma kabisa, penye mwanga mzuri wa kusoma. Sikuomba wapunguze.

Lakini mchana ule mabido yalifika kama yalivyopangwa. Nilikwenda bila kualikwa, nikasimama kando ya ukuta na Neema. Wageni walikuwa wamekaa kwenye mabenchi, wakinong'onezana, maana habari za kanisani zilikuwa zimewafikia. Papa Bauma alifungua bido la kwanza, akamimina nusu kopo, akaita.

"Riziki."

Alikuja. Alisimama mbele ya baba yake, na aliponyooshewa kopo akaificha mikono yake mgongoni.

"Chukua," baba yake akasema.

"Hapana, Papa."

Mgeni mmoja alikohoa. Shangazi wa Riziki akasema mtoto ameharibiwa, na alinitazama mimi. Riziki alikuwa analia sasa, machozi yanateremka mpaka shingoni, lakini mikono haikutoka mgongoni. Papa Bauma alimwangalia, akaangalia wageni, akaangalia kopo. Nilidhani atampiga. Nilikuwa nimeshavua sandali zangu ili niwahi.

Akalinyanyua kopo, akanywa yeye, taratibu, mpaka mwisho, huku wageni wote wakilitazama koo lake. Halafu akaenda kufungua bido la pili, na hakumwita.